Macho ya Anayeongoza

8 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba Mungu barua hii ikukute umeshaachana na kile kikohozi ulichokiita mgeni asiyejua kuaga. Huku sote tu wazima. Mama anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua, lakini bustani hataki kuiacha. Ukimwambia apumzike, anakwambia mapumziko yapo mengi kaburini, nyanya ndizo zinazomngoja sasa. Kaka amepata mtoto wa pili, wa kike, mwenye sauti ya kuitia zimamoto. Mimi bado niko ofisi ya maji, dirisha la malalamiko. Watu wanakuja wamekasirika, wanaondoka wamekasirika, ila wakiondoka wanakuwa wamenikasirisha na mimi. Ndiyo kazi.

Najua simu ipo. Lakini ulisema mwenyewe kwamba kwenye simu masikio yako yanasikia nusu na moyo unajitungia nusu nyingine, na jambo nililo nalo sitaki ulitungie nusu.

Tangu mwaka jana nimepewa vijana wa kanisa. Kila Jumamosi alasiri tunakutana katika ukumbi mdogo ulio nyuma ya kanisa, wenye viti vya plastiki na feni inayolalamika kuliko wateja wangu. Tunakaa duara. Nasoma kipande cha Injili mara mbili, polepole, kisha nawaambia wafumbe macho, wasikilize pumzi zao, halafu nawaongoza kwa maneno mpaka waingie ndani ya ile habari wenyewe: wasikie vumbi miguuni, wamwone Yesu anakuja, wakae naye, wamwambie walilo nalo. Kwenye ratiba mchungaji ameandika "tafakari ya kuongozwa". Vijana wanaita "kimya".

Siku ya kwanza walicheka. Mmoja, wenzake wanamwita Redio kwa kuwa hazimwi, alilala akakoroma, wakasema huyo ameshafika mbinguni, asiamshwe. Sasa hawacheki. Wanafika mapema. Redio mwenyewe aliniambia, "Dada, hapa ndipo mahali pekee ambapo hakuna anayeniuliza nitakuwa nani."

Njia ninayowapitisha niliipata kwa mama. Nilipokuwa mdogo nikikosa usingizi, alikuwa akikaa ukingoni mwa kitanda na kunitembeza nyumba ya babu, kule mlikotoka, ambako mimi sijawahi kukanyaga. "Fumba macho. Sasa tuko getini. Sukuma, linakwama kidogo." Tukapita mlimao, baraza, sebule yenye kiti cha babu na kiti cha wageni, ukumbini, jikoni, mpaka kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Hapo alikuwa akisimama. "Hapa tunalala," alikuwa akisema, na kweli nililala.

Mwezi wa nne tuna mafungo ya siku nzima, na mara hii nataka tufike mwisho wa safari. Nataka waufungue ule mlango wa nyuma wamkute Yesu ameketi, anawangoja. Nilimwuliza mama ndani mlikuwa na nini. Akasema, "Mwulize mjomba wako, yeye ndiye mwenye kukumbuka."

Basi nakuuliza. Niandikie nyumba yote, na chumba hicho zaidi, nikaongoze kwa ukweli.

Mpwa wako akupendaye.

*

27 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba, na salamu zangu ziwafikie wote, hasa huyo zimamoto mpya. Nimechelewa kujibu. Sababu ninazo nyingi na zote ni za kweli, isipokuwa hakuna hata moja inayotosha.

Kikohozi kimeaga. Bado nakaa chumba kile kile cha juu, dirisha linatazama uwanja wa kuegeshea mabasi. Jirani wa chini, fundi saa mstaafu, amepoteza kusikia kabisa, kwa hiyo sasa anagonga mlango wangu kwa nguvu ili yeye mwenyewe asikie. Macho yangu hayajambo. Ingawa nimestaafu kazi ya kujalidi vitabu, kanisa limenipa vitabu vyao vya nyimbo vilivyochanika nivishone upya, na meza yangu imejaa gundi, uzi na kurasa zisizo na mwanzo. Kitabu kilichotumika sana huwa kinafunguka chenyewe mahali pamoja. Hapo ndipo watu walipokuwa wakililia. Huhitaji kuulizia.

Kazi yako na vijana imenifurahisha, kuliko ninavyoweza kuandika. Akitokea mtu wa kukuambia hayo mambo ni ya kigeni katika imani, mjibu kwa upole kwamba watawa wa zamani waliomba hivyo hivyo. Walijiweka ndani ya habari: wakasikia maji yakipiga ubavu wa chombo, wakanusa samaki juu ya makaa kule ufukweni, wakamngoja Bwana awageukie. Si kulala na si uchawi. Ni kukaa mahali pamoja na Mungu bila kumharakisha.

Mimi hapa nina sifa ya kiburi, kwa kuwa wakati wa sala sifumbi macho. Mchungaji wa huku, kijana mwenye umri wako, aliniuliza kwa adabu kama nina tatizo. Nikamwambia, "Mwanangu, nimefumba kwa ndani." Akacheka, nikashukuru kwamba amecheka.

Umeniomba nyumba. Geti lilikuwa la chuma, la kijani, na mama yako anasema kweli, lilikwama upande wa chini. Ulilazimika kulinyanyua kidogo kwa goti. Mlimao ulikuwa kulia, malimau yake machache na yenye maganda mazito, baba alikataa usikatwe. Baraza lilikuwa na nguzo mbili, moja ina alama za penseli za vimo vyetu. Sebuleni, kiti cha baba kilikuwa cha mbao, kimelainika mikononi. Cha wageni kilikuwa na mto mwekundu, na sisi watoto tulikatazwa kukikalia, kwa hiyo tulikikalia kila alipotoka. Ukumbi ulikuwa na sakafu ya saruji iliyong'arishwa hadi uliweza kujiona miguu. Jiko lilikuwa na dirisha la kusini. Nje ya jiko, hatua chache, kisima chenye mfuniko wa mbao na kamba iliyonuka majani mabichi. Maji yake yalikuwa baridi mpaka meno yanalia.

Chumba cha nyuma kilikuwa cha kuwekea vitu. Hakikuwa na dirisha. Sioni humo kitakachomfaa kijana. Wapeleke kisimani. Injili ina visima, haikukosea.

Mwambie mama yako nyanya azifunike mchana, na magoti pia.

Mjomba wako.

*

30 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama yuko salama, nyanya zimefunikwa, magoti hapana. Mtoto wa kaka ameota jino moja na amelitumia kumng'ata mchungaji. Ofisini wameniletea kompyuta mpya, sasa malalamiko yanapotea kwa haraka zaidi.

Barua yako ilifika wakati mafungo yameshapita. Niliingoja. Nilipoona haiji, nikajiambia mjomba amenyamaza maana yake ameniachia. Nilichukua nyumba ya mama kama ilivyo, na chumba cha nyuma nikakijaza mwenyewe: nikaweka taa mezani, mkeka, na Yesu ameketi akitazama mlango.

Walikuwa wengi kuliko Jumamosi zote. Walinyamaza vizuri. Niliwapitisha geti, mlimao, baraza, ukumbi. Nikawaambia, "Sasa uko mbele ya mlango wa mwisho. Usiogope. Sukuma. Yeye yuko humo anakungoja." Nikaacha kimya kirefu. Mimi pia nilikuwa ndani, Mjomba. Nilikuwa naomba kama sijawahi kuomba.

Niliposikia kiti kinaanguka, nilidhani ni Redio.

Alikuwa binti wa mshona nguo. Ni msichana mpole, amejiunga mwaka huu, yeye na mama yake walihamia mtaa wetu kutoka mbali, na hatujawahi kuuliza kutoka wapi. Alikuwa ameshikilia kitasa cha mlango wa ukumbi, mlango wa kweli, anauvuta, na mlango ule unafunguka kwa kusukumwa. Macho alikuwa ameyafumba bado. Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga kelele. Rafiki yake aliyekaa karibu naye aliniambia baadaye, "Dada, alianza kutetemeka tangu ulipotufikisha ukumbi wa ile nyumba. Tulidhani unaona."

Tulimtoa nje, tukampa maji. Tangu siku hiyo hajarudi.

Mama yake alikuja kanisani Jumapili, tepu ya kupimia bado shingoni. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Mwanangu mlimpeleka wapi?"

Wazee wa kanisa wamekaa. Yupo mmoja vijana wanamwita Bwana Utaratibu, huyo alikuwa akingoja siku hii kwa hamu. "Mtu anasali akiwa na akili zake," alisema. "Kufumba macho na kutembezwa kwenye nyumba za watu, hiyo ni sala ya nani?" Niliwaambia habari za watawa wako. Akajibu kwamba watawa hao hawakuwa washirika wa kanisa letu. Mchungaji alinitetea kwa nusu mdomo. Kipindi kimesimamishwa hadi mwezi wa nane, na wakati huo wataamua kama kitafutwa kabisa. Vijana wananiuliza njiani. Redio ameniuliza kama sasa arudi kuulizwa atakuwa nani.

Hilo linaniuma, lakini silo linaloniamsha. Kinachoniamsha ni yule msichana na kile kitasa.

Na tena wewe. Nimeisoma barua yako mpaka imelegea mikunjo. Kila kitu umekiandika, hadi harufu ya kamba ya kisima, halafu chumba kimoja ukakifunga kwa sentensi tatu. Nilimsomea mama. Nilipofika hapo aliinuka, akaenda kuanua nguo ambazo zilikuwa hazijakauka.

Nisamehe nikiuliza bila kuzunguka. Ulijua?

Mpwa wako.

*

14 Juni

Mwanangu,

Nakujibu siku ile ile barua yako ilipofika. Salamu za nyumbani nimezipokea, mchungaji mpe pole ya jino. Mimi ni mzima. Jirani wa chini ni mzima. Sasa tuendelee.

Kuhusu yule msichana sikujua lolote, wala nisingeweza kujua. Kuhusu chumba, najua. Nimekaa nje ya nchi ile miaka mingi kuliko niliyokaa ndani, nimesoma vitabu vya watu wengi walioandika mambo ya namna hii, na bado kalamu yangu hufika kwenye mlango ule ikasimama, kama sauti ya mama yako kitandani kwako. Leo itaingia. Ukimaliza kusoma, mpe mama yako ajisomee mwenyewe akitaka. Usimsomee.

Ilikuwa alasiri. Tulikuwa tumeshasikia kwa majirani kwamba watu wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba kuwatafuta wanaume. Babu yako hakutaka kukimbia. Alimwambia bibi yako atuchukue mimi na mama yako atuingize chumba cha nyuma, kwa kuwa hakina dirisha na mlango wake ulifanana na wa kabati. Yeye alivaa shati safi, akaenda kukaa sebuleni kwenye kiti chake, mlango wa mbele ukiwa wazi, ili wakifika wamkute na wasiwe na haja ya kutafuta zaidi. Nililielewa hilo baadaye sana. Wakati ule niliona tu ajabu, baba kuvaa shati la ibada siku isiyo ya ibada.

Tulikaa sakafuni kati ya magunia, miguu ya mama katikati yetu. Geti likagongwa. Mama yako akaanza kuhema kwa sauti, mtoto mdogo kabisa, bado hajaanza shule. Ndipo bibi yako akasema kwa kunong'ona, taratibu, kana kwamba ana siku nzima: "Fumbeni macho. Sikilizeni pumzi yenu. Ivuteni, iacheni. Sasa tuko kisimani. Shikeni kamba. Maji ni baridi eti?" Akatutoa humo ndani, mwanangu. Kwa maneno tu. Akatupitisha jikoni, ukumbini, barazani, chini ya mlimao, mpaka barabarani. Ile unayowaongoza vijana wako, njia ile ile, wewe unaipita kwa kuingia. Sisi tuliipita kwa kutoka.

Sebuleni kulikuwa na sauti. Ya baba ilikuwa ya chini, ya kawaida, kama anayewaeleza wageni njia. Mama yako akauliza, "Mama, Yesu yuko humu na sisi au yuko kule na baba?"

Mimi ningemjibu mtoto: yuko kote. Ndivyo tunavyofundishwa kujibu. Bibi yako hakujibu. Aliuliza, "Wewe unamwona wapi?"

Akasema, "Kwa baba. Amekaa kiti cha wageni."

"Basi mwache huko," mama akasema. "Baba anamhitaji."

Kisha akaniuliza na mimi. Sikujibu. Hilo tuliache.

Tulipotoka viti vyote viwili vilikuwa vitupu. Baba hatukumwona tena, wala hatukuambiwa kaburi. Mengine mama yako anayajua kama mimi.

Sasa unielewe. Sikukasirika ulipotaka kumweka Yesu katika chumba kile. Nilishindwa. Kwetu hakuwamo. Alikuwa ameondoka na baba.

Nikuambie mambo mawili ya kazi, kama mtu ambaye amewahi kuongozwa. La kwanza, uliwaambia vijana mahali Yesu alipo. Yule kipofu wa kando ya njia, kila mtu alikuwa akiona anachokosa, na bado Bwana alimwuliza anataka afanyiwe nini. Waulize. Anayeona kitu kingine aruhusiwe kukiona, na asiyeona kitu aruhusiwe kutoona. Tena mlango wa kutokea uwaonyeshe kabla ya mlango wa kuingilia.

La pili ni swali. Yule rafiki yake alisema, "Tulidhani unaona." Nawe umeandika kwamba ulikuwa ndani, unaomba. Je, ulikuwa umefumba macho?

Nenda kwa yule msichana. Usimwulize alichokiona.

Mjomba wako.

*

16 Agosti

Mjomba wangu,

Shikamoo. Nilimpa mama barua. Aliikunja akaitia mfukoni mwa aproni, akaenda bustanini, akapalilia mpaka mahali pasipo na magugu. Kisha asubuhi moja, ananimiminia chai, akasema, "Ulikuwa mto mwekundu. Yule aliyekaa pale. Alikuwa ameuegemea." Akanisukumia sukari. Hayo tu.

Ndiyo, nilikuwa nimefumba macho. Nilifumba kwa heshima, kwa kuwa naona aibu kuwaambia wengine wafumbe na mimi nikodoe. Nilidhani kiongozi mzuri ni yule anayezama kuliko wote.

Nilikwenda kwa mshona nguo. Ni chumba kimoja, cherehani mbili, mashati ya shule yametundikwa mpaka darini. Binti alikuwa anashona vifungo. Mama yake alinisogezea kigoda na kisanduku cha vifungo, akasema, "Aliyekuja kwangu hakai bure." Nikashona. Vifungo vyangu vinne alivifumua.

Nilimwambia yule binti, "Siku ile nilikuchagulia nyumba, nikakuchagulia na chumba. Haikuwa haki yangu. Tena nilikuwa nimefumba macho, sikukuona. Nimekuja kukuomba radhi."

Akakata uzi kwa meno. Akashona kingine. Baadaye sana akasema, "Chumba nilikipata, dada. Nakijua. Yeye ndiye sikumkuta. Wote mlimkuta, mimi nikakuta watu wengine."

Sikuuliza watu gani. Nilikuwa nimemwomba mama yangu ruhusa, basi nikamwambia habari ya mtoto mmoja wa zamani, ambaye naye hakumwona Yesu chumbani, alimwona nje.

Akainua kichwa. "Wakamkemea?"

"Hapana. Aliambiwa amwache huko huko."

Mama yake akasimamisha cherehani. Kisha msichana akasema, "Mkianza tena, mimi nitakaa karibu na mlango. Na macho sifumbi."

"Usifumbe."

"Na mlango uwe wazi."

"Utakuwa wazi."

Wazee walikaa juma lililopita. Niliwaeleza nilichokosea, bila watawa. Bwana Utaratibu akasema kipindi kirudi kwa sharti moja, kwamba yeye mwenyewe awepo kila Jumamosi, macho wazi, kuhakikisha hakuna kinachozidi. Nikakubali haraka hadi akashuku.

Jana tumeanza. Mlango tuliuzuia kwa jiwe. Niliwaonyesha kwanza: huu hapa, haufungwi, ukitaka kutoka hata katikati ya neno, toka, hakuna atakayekuuliza. Hakuna nyumba. Nilisoma habari ya wale wawili waliotembea jioni wakiwa na huzuni, na mgeni akatembea nao wasimjue. Nikawaambia, "Fumba ukitaka. Ukitaka tazama sakafu. Uko njiani, njia yako mwenyewe. Ukitaka awe karibu, awe karibu. Ukitaka atembee mbali kidogo, mwambie." Kisha nikawaangalia. Mmoja baada ya mmoja, muda wote. Mjomba, sikujua kwamba nyuso za watu wanaosali ziko hivyo. Redio alikuwa analia bila sauti, mikono imetulia mapajani. Na Bwana Utaratibu ndiye aliyekoroma.

Mama alikuja. Aliburuta magoti yake hadi pale mlangoni akakaa kiti cha pili, kando ya binti wa mshona nguo. Wote wawili macho wazi. Tulipomaliza, mama akamshika mkono, wakatoka nje pamoja kama watu waliosafiri basi moja.

Njiani kurudi mama aliniambia nikuandikie swali lake kama lilivyo. Anasema siku ile, bibi alipokuuliza wewe, alisikia ukimya wako, na amekuwa akiusikia hadi leo. Anauliza: "Kaka, wewe ulimwona wapi?"

Mpwa wako.

*

9 Septemba

Mpwa wangu, na mdogo wangu anayesoma juu ya bega lake,

Salamu zenu zimenifikia, na huku hakuna habari. Vitabu vya nyimbo vya kanisa nimemaliza kuvishona, vimebanwa kwenye shinikizo vikauke. Barua hii itakuwa fupi.

Mdogo wangu, sikujibu kwa sababu sikuwa nimefumba macho. Nilijaribu. Nilifika kisimani, nikashika kamba, halafu sauti ya baba ikapanda kidogo kule mbele, nikafumbua. Mwanga ulikuwa ule wa chini ya mlango tu, lakini ulitosha. Nikamwona mama.

Sauti yake ilikuwa kisimani. Inachota maji, inatuuliza kama ni baridi. Macho yake hayakuwa huko. Yalikuwa wazi, makubwa, yanakwenda mlangoni, kwako, kwangu, mlangoni, kwako, kwangu. Machozi yalimtiririka hadi kidevuni, na sauti haikutikisika hata mara moja. Wewe ulikuwa umetulia, pumzi imeshuka, uko kisimani naye. Hukumwona. Alihakikisha hukumwona.

Macho yake yalipofika kwangu, akanikuta namtazama. Hakunikemea. Ndipo aliponiuliza ninamwona Yesu wapi, na mimi nikawa ninamtazama yeye, na nikadhani hilo si jibu la swali.

Nimekaa na jibu hilo ugenini maisha yote. Lipokee sasa.

Jumapili iliyopita, mchungaji wetu kijana alipowaambia watu wafumbe macho, sikufumba. Kama kawaida yangu niliangalia mbele. Kwenye safu ya vijana, katikati ya vichwa vilivyoinama, kulikuwa na msichana aliyekuwa ameinua uso, anautazama mlango. Akageuka, akaniona. Akaona aibu, akataka kuinama.

Nilimtikisia kichwa kwamba asiiname. Kisha nikautazama mlango kwa niaba yake mpaka sala ilipokwisha.

Kaka na mjomba wenu.